Wiki Tuliyokwenda Kuwakagua Waliosoma Kompyuta

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, hakukataa binti yake asome kompyuta. Alichosema ni kwamba hajawahi kumwona mtu aliyeisoma.

“Walimu nimewaona,” alisema, akihesabu kwa vidole vilivyoganda utomvu wa kahawa. “Wauguzi nimewaona. Bwana shamba namwona kila msimu, tena namkwepa. Watu wenye kompyuta nimewaona wengi tu. Mtu aliyeisomea mpaka akamaliza, huyo sijamwona.”

Tulikuwa uani kwao Mbozi, msimu wa kahawa uliopita. Mpwa wangu alikuwa amemaliza kidato cha sita, matokeo yake mazuri, ya hisabati mazuri kuliko yote, na dirisha la kuomba chuo lilikuwa linafungwa Ijumaa ya wiki ileile. Yeye alitaka Sayansi ya Kompyuta. Baba yake alitaka ualimu wa hisabati, kwa sababu hiyo niliyoitaja, kwamba walimu amewaona. Fomu ilikuwa kwenye simu ya mpwa wangu, imeshajazwa jina, shule na namba za kila aina, imebaki nafasi ya kozi. Angeweza kuijaza mwenyewe nyuma ya banda la kuni na mambo yakaisha. Lakini hakuwa mtoto wa namna hiyo, na baba yake hakuwa mtu wa kufanyiwa hivyo.

Mimi niliitwa kama mtaalamu. Shule niliiacha kidato cha pili, siku nilipodandia lori lililokuwa linakwenda Ndola ili nione tu shaba inavyotoka ardhini, nikarudi baada ya miezi saba. Toka hapo nimekuwa utingo, nimechimba dhahabu, nimekaanga chipsi, na kwa wiki tatu nilimshikia fundi simu tochi. Katika ukoo wetu, mtu aliyewahi kumshikia fundi simu tochi ni mtaalamu wa kompyuta.

“Haya, eleza,” shemeji akaniambia. “Lakini taratibu.”

Nikaeleza kwa malori, maana hayo ndiyo niliyoyajua. Nikamwambia kozi za kompyuta ziko nyingi. Uhandisi wa Kompyuta ni kuliunda lori lenyewe, chuma na nyaya. Teknolojia ya Habari ni kuhakikisha lori linatembea kila siku, matairi yana upepo na mafuta yapo. Usalama wa Mtandao ni yule askari wa mpakani asiyemwamini mtu. Sayansi ya Kompyuta ni kukaa na kufikiri lori lipite njia gani ili lifike upesi.

Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Na dereva?”

“Dereva ni mtu yeyote. Hata mimi, hata wewe ukiwa na simu.”

“Kwa hiyo dereva hasomi miaka mitatu?”

“Hasomi.”

“Basi huyo ndiye mwenye akili.”

Mpwa wangu akacheka akiwa ameinamia kapu. Dada, ambaye alikuwa anasikiliza kutoka jikoni, hakucheka. Akasema kwa sauti ya kutosha, “Mtoto anaulizia chuo, ninyi mnaongelea malori.”

Mbele yetu palikuwa na pipa la maji. Kahawa ikishachumwa, hata iwe nyekundu ya kupendeza namna gani, huijui mpaka uitie majini. Punje nzuri ni nzito, inazama. Iliyo tupu ndani inaelea, unaichota na kuitupa pembeni. Shemeji alikuwa anamwaga makapu mengine ya kahawa pale pipani, macho yake yakifuata zile zinazopanda juu, mara akaacha kumwaga.

“Hao watu wa kompyuta, wewe unawajua?”

“Nawajua watatu. Mmoja Tunduma, mmoja Saza, mmoja Itumba.”

“Tukawatie majini.”

Hivyo ndivyo tulivyoanza safari. Jioni ile alimfanya mpwa wangu aandike maswali matatu kwenye daftari. La kwanza, leo toka asubuhi umefanya nini. La pili, kesho usipokuja kazini nani atakwama. La tatu halikuwa swali bali agizo: nionyeshe kazi yako niiguse kwa kidole. Atakayejibu vizuri amezama. Atakayebabaika anaelea, na kozi yake itatupwa pembeni.

“Na wote wakielea?” mpwa wangu aliuliza.

“Ualimu.”

Dada alitufungia viazi na kututazama tukitoka. “Wanaume wawili na msichana mmoja mnazunguka kukagua watu,” alisema. “Watafikiri mnakwenda kuposa.”

Jumatatu tukawa Tunduma, mpakani. Shemeji alivaa koti la ibada na misiba, na viatu vyake vyeusi vinavyolia. Mtu wetu wa kwanza alikuwa amesoma Teknolojia ya Habari, akaajiriwa na wakala wa forodha, kazi yake kuingiza nyaraka za mizigo kwenye mfumo. Nilimfahamu enzi za utingo. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara, na nje ya dirisha malori yalikuwa yamepanga foleni usiyoona mwisho wake. Ndani alikuwepo yeye na dereva mmoja Mzambia, ameshika karatasi zake kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

“Mulishani, batata,” dereva akamsalimia shemeji kwa Kibemba.

“Bwino, bwino,” shemeji akajibu, akaketi, akafungua daftari.

Nilimweleza kijana wa ofisini tulichofuata. Alikuwa mpole, akasema, “Shikamoo mzee, uliza tu.”

“Leo toka asubuhi umefanya nini?”

“Kwa kweli, mzee, nimesubiri mtandao. Umekatika.”

Shemeji akamtazama mpwa wangu aandike. Mpwa wangu akaandika.

“Kesho usipokuja, nani atakwama?”

Kijana akafurahi, hilo alikuwa na jibu lake. Akanyoosha mkono dirishani. “Hao wote unaowaona.”

Shemeji akageuza shingo, akayatazama malori toka la kwanza mpaka pale macho yalipoishia. Akarudisha uso taratibu.

“Lakini wewe upo,” alisema, “na wao wamekwama.”

Yule dereva alicheka mpaka karatasi zikamdondoka. “Mzee, huyu mchukue,” akasema kwa Kiswahili chake cha barabarani. “Mpeleke kwako kabisa. Mimi waniletee mwingine.”

Kijana naye akacheka, lakini kidogo. Agizo la tatu lilikwenda haraka. Shemeji aligusa kioo cha kompyuta, kioo kikabaki na alama ya utomvu, na tukaaga.

Nje mpwa wangu hakuweza kunyamaza. “Baba, mtandao ukikatika si kosa lake.”

“Jua lisipowaka si kosa langu. Lakini kahawa haikauki, na mnunuzi hataki habari za jua. Huyo anaelea. Futa Teknolojia ya Habari.”

Akafuta. Mimi nilijisikia vibaya kwa yule kijana, na bado najisikia, maana alitununulia soda.

Saza ni mbali ukitokea Mbozi. Tulizunguka kupitia Mbalizi, tukafika Jumanne jioni tukiwa na vumbi la rangi moja, huwezi kujua nani shemeji na nani mimi. Asubuhi ya Jumatano nikawapeleka kwa fundi ambaye niliwahi kumjua nilipokuwa nachimba. Alisoma Uhandisi wa Kompyuta, akaona kazi ya mjini haimtoshi, akaja machimboni kutengeneza zile mashine za kutafutia dhahabu, ambazo mtu anatembea nazo zimeinamia ardhi na zinalia zikikutana na chuma.

Shemeji hakupata hata nafasi ya kuuliza swali la kwanza. Alipoingia mlangoni, mashine iliyokuwa mezani ilipiga kelele. Akarudi nyuma, ikanyamaza. Akaingia, ikalia. Wachimbaji waliokuwa nje wakaanza kumzunguka kwa macho yenye matumaini.

“Mzee, una nini mwilini?” fundi aliuliza.

“Sina kitu. Nina Biblia.”

Ilibidi avue koti, kisha mkanda, kisha viatu. Kumbe ni viatu. Mashine ilikuwa inalilia misumari iliyopigiliwa kwenye soli na fundi viatu wa Mlowo. Fundi akaigeuza mashine, akagusa sehemu mbili kwa chuma cha moto, akazungusha kitu, kisha akamwambia shemeji avae viatu apite tena. Ikakaa kimya. “Nimeiambia ikusamehe,” fundi akasema.

Shemeji hakumuuliza nani atakwama kesho. Alitazama tu nje, walipokuwa wamesimama wanaume saba na mashine saba. Akaigusa kazi kwa kidole, akaungua kidogo, akafurahi.

“Huyu amezama,” alituambia tukiwa kwa mama lishe. “Amezama mpaka chini kabisa. Tumemaliza. Uhandisi wa Kompyuta.”

Mpwa wangu aliacha kula.

“Baba, mimi sitaki kushika chuma cha moto. Nataka ile ya kufikiri.”

“Kufikiri nako ni kazi?”

“Ndiyo, baba.”

“Mjomba wako anafikiri mwaka wa ishirini sasa,” shemeji alisema, akinielekeza kwa kijiko. “Mtazame.”

Wote wawili wakanitazama. Mama lishe naye akanitazama. Nikasema wali ni mtamu.

Hapo ndipo nilipoona hali ilivyo. Asubuhi ya Jumatatu mtoto alikuwa anakosa kompyuta, sasa amepewa kompyuta lakini siyo yake, na hili la pili ni gumu zaidi kulikataa. Ukimwambia mtu kakupa kitu usichokitaka baada ya kusafiri siku mbili kwenye vumbi kwa ajili yako, unaonekana huna shukrani. Mpwa wangu alisema “sawa, baba,” na daftari akalifunga. Njia nzima ya kurudi hakuuliza swali hata moja, na yeye ni mtu ambaye akikaa dirishani huuliza hadi majina ya milima.

Nikambembeleza shemeji. Nikamwambia punje moja haijatiwa majini, na yeye si mtu wa kuchambua kapu nusu. Hakutikisika. Nikamwambia kule Ileje, iliko Itumba, wana kahawa yao na mimi nimesikia wanaipanda karibu karibu mno. Hapo akageuka. “Karibu kiasi gani?” Hakuna mkulima wa Mbozi atakayekosa nafasi ya kwenda kuona makosa shambani kwa mtu mwingine.

Alhamisi tukapanda kwenda Itumba. Kule ni milima na baridi, na shemeji alitumia njia nzima kuisikitikia migomba ya watu. Mtu wetu wa tatu alikuwa dada mmoja mwenye miwani, anayefanya kazi kwenye ofisi ndogo inayoshughulika na wakulima, mkabala na pale nilipokuwa nakaanga chipsi. Wote tulimwita mtu wa IT. Nilimtambulisha hivyohivyo.

“Mimi sikusoma hiyo,” alisema. “Nilisoma Sayansi ya Kompyuta. Huku ukijua kuzima na kuwasha tu, wewe ni mtu wa IT.”

Mpwa wangu alifungua daftari haraka mpaka likachanika.

“Leo toka asubuhi umefanya nini?” shemeji alianza, kwa sauti ya mtu anayetimiza wajibu.

“Nimemtoa mende kwenye printa.”

Shemeji alinitazama kwa huzuni.

“Halafu?”

“Halafu bosi akaniambia faili lake limepotea. Nikamwonyesha lilipo. Lilikuwa palepale alipoliacha.”

“Kesho usipokuja, nani atakwama?”

Yule dada akafikiri. Nilimwomba Mungu amjaalie foleni ya malori, au wachimbaji saba, au hata mende mwingine.

“Hakuna,” alisema. “Kazi niliyopewa nimeshaiandika ndani ya kompyuta. Inajifanya yenyewe hata nikilala.”

Shemeji akalitazama daftari. Hilo lilikuwa jibu zuri kuliko yote au baya kuliko yote, na maswali yake hayakuwa yametengenezwa kwa ajili ya jibu kama hilo. Nikamnong'oneza, “Anaelea au anazama?”

“Bado anazunguka.” Kisha akakohoa. “Nionyeshe kazi yako niiguse kwa kidole.”

“Haina pa kugusa, mzee. Kaa hapa.” Akampa kitabu kinene cha orodha. “Hawa ni wakulima elfu moja, wamepangwa namba moja hadi elfu. Chagua mmoja. Usinionyeshe. Nitakuuliza kama yuko juu au chini ya namba fulani, na sitafika swali la kumi na moja.”

Shemeji akachukua orodha, akaenda nayo kwenye kona, akatugeuzia mgongo, akachagua.

“Yuko juu ya mia tano?”

“Chini.”

“Yuko juu ya mia mbili hamsini?”

“Juu.”

Wakaendelea hivyo, juu, chini, juu, na swali la tisa yule dada akataja namba na jina la mkulima. Shemeji akafunga orodha. Akamgeukia binti yake. “Wewe ulikuwa unamkonyeza. Toka nje.”

Mpwa wangu akatoka. Wakarudia, yule dada akapata. “Na wewe shemeji, toka,” nikaambiwa. Tukakaa wote wawili nje kwenye ngazi, baridi inatupiga, tunasikiliza kupitia dirishani: chini, chini, juu, chini, kisha “Aaah!” ya shemeji, ileile anayoitoa akikanyaga kaa la moto.

Mara ya nne kukawa na ubishi.

“Mzee, umehama.”

“Sijahama.”

“Umesema yuko chini ya mia mbili hamsini, sasa unanionyesha wa mia tatu. Umebadilisha mkulima.”

Kisha shemeji, kwa sauti ya chini: “Nilitaka nione kama utajua.”

Mpwa wangu alikuwa anacheka ameshika mdomo kwa mikono miwili. Akanieleza pale ngazini kinachofanyika. Kila swali linatupa nusu ya waliobaki. Elfu inakuwa mia tano, mia tano inakuwa mia mbili hamsini, na ukikata nusu mara kumi anabaki mmoja tu. Mimi nina umri huu, nimevuka mipaka mitatu, na sikuwa nimewahi kujua kwamba elfu moja iko karibu na moja kiasi hicho. Nilihesabu mwenyewe kwa vidole. Ikaisha kweli. Nikahesabu tena.

Kurudi ilikuwa kazi. Shemeji alitaka kuujaribu ule mchezo kwa kila binadamu. Tulipokuwa tunasubiri gari Isongole, alimwendea mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi mbivu.

“Mama, chagua ndizi moja moyoni. Usiniambie.”

“Unanunua au hununui?”

“Iko juu ya katikati ya mkungu au chini?”

“Baba, unanunua au hununui?”

Alinunua, ndizi nne, ili apate jibu. Alikuwa anagawanya kwa Kinyiha kwa sauti, kisha anatafsiri, na katikati ya kutafsiri anasahau namba. Kwa mzee mmoja mwenye mbuzi alifika swali la kumi na tisa. Yule mzee alikuwa na mbuzi sita.

Lakini tulipofika nyumbani na mimi nikamuuliza kama sasa yule wa Itumba amezama, alitikisa kichwa.

“Ni ujanja mzuri. Lakini ni ujanja wa mezani, wa kitabu. Yule wa Saza alitengeneza kitu. Kesho mtoto atajaza Uhandisi.”

Mpwa wangu akasema “sawa, baba” kwa mara ya pili wiki ile, akaingia ndani.

Ijumaa asubuhi dada alipiga kelele zizini. Mtamba wao alikuwa amekata kamba na ameingia kwenye kahawa. Mtamba kwenye kahawa wakati wa mavuno ni hasara inayotembea: anavunja matawi, anakula asichotakiwa kula, na mibuni ya shemeji ni mikubwa, ng'ombe akisimama mstari wa pili humwoni. Nilikuwa nimeshaanza kukimbia, shemeji akanishika shati.

“Simama! Hakuna kukimbia ovyo.” Uso wake ulikuwa unang'aa. “Shamba lina mistari sitini na minne. Sitini na minne, mnaelewa? Mara sita tu!”

“Mume wangu, ng'ombe anakula,” dada alisema.

“Mara sita! Shemeji, angalia mstari wa kwanza mpaka wa thelathini na mbili. Ukimkosa, yuko nusu ya pili.”

Nikaenda. Nilipita mistari yote thelathini na miwili, nikarudi na umande mpaka kiunoni. Hayupo. Shemeji akapiga makofi. “Tumetupa nusu! Dada yako aende thelathini na tatu mpaka arobaini na nane.” Dada akaenda akinung'unika mambo ya ndoa yao. Hayupo. Nikatumwa tena, mistari minane. Hayupo. Minne, hayupo. Miwili, hayupo. Ukabaki mstari wa sitini na tatu na wa sitini na nne, kule chini kabisa mtoni, na shemeji mwenyewe akashuka, kamba mkononi, anatembea kwa adabu kama mtu anayekwenda kupokea cheti.

Wa sitini na tatu ulikuwa mtupu. Akaingia wa sitini na nne.

Palikuwa na kinyesi cha ng'ombe, bado kinatoa mvuke.

Tukasimama wote tunakitazama. Kisha kutoka juu kabisa, karibu na nyumba, kama mstari wa tano au wa sita, tukasikia mtamba akilia kwa raha ya aliyeshiba.

“Amehama!” shemeji akafoka, akaupandisha mkono kuelekea kule juu. “Amehama huyu! Hiyo si haki!”

Mpwa wangu alikuwa amekaa chini kabisa, kwenye majani, anacheka mpaka machozi. Alijaribu kuzungumza mara mbili akashindwa. Mara ya tatu akasema, “Baba, ile ni kwa kitu kilichotulia. Namba haina miguu.”

Shemeji alisimama na kamba yake, anahema. Nilitegemea akasirike. Badala yake aliuliza, polepole, kama mtu anayeulizia njia.

“Na kwa kitu kinachotembea, wanafanyaje?”

“Ipo namna yake.”

“Namna gani?”

“Sijui, baba. Ndiyo nataka nikafundishwe.”

“Kule kwa yule fundi wa Saza wanafundisha hiyo?”

Mpwa wangu angeweza kusema uongo hapa, au kusema sijui. Alifuta macho, akasimama. “Nadhani kule kwa yule dada wa Itumba ndiko wanakofundisha zaidi. Hiyo ndiyo kazi yao. Kutafuta.”

Shemeji alitazama mteremko wote wa mistari sitini na minne aliyoipanda mwenyewe, na kule juu mtamba akiendelea kuvunja matawi. Dada alikuwa ameshaondoka kumfuata, kwa fimbo, bila kugawanya kitu chochote.

“Mwaka wa kwanza wanafundisha, au mpaka wa tatu?” aliuliza.

“Sijui, baba.”

“Uliza. Ikiwa ni wa kwanza, likizo ya kwanza unakuja kunionyesha.” Akajifuta jasho kwa kamba. “Haya jaza. Jaza hiyo yako.”

Mpwa wangu hakungoja tufike nyumbani. Pale mtoni simu ilikuwa haishiki, kwa hiyo alipanda mbio mpaka kwenye ukuta wa mashine ya kumenyea kahawa, ambako hushika, akasimama juu yake amenyoosha mkono. Sisi wawili tukafika chini ya ukuta tukiwa tumelowa, tukangoja tukiwa tumeinua nyuso. Alibonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Dada alipita nyuma yetu anamburuta mtamba, na mtamba alikuwa na tawi zima la kahawa mdomoni.

“Imekwenda,” mpwa wangu alisema kutoka juu.

Shemeji akanitazama, nami nikamtazama. Akaangalia juu, kule kwenye mkono wa binti yake, na hewani kupita mkono wake.

“Imekwenda wapi?” aliuliza.

Nami nilikuwa sijui, na nilitaka sana kujua. Mpwa wangu akaketi juu ya ukuta, miguu inaning'inia, akaanza kutueleza toka mwanzo, inatokaje kwenye simu, inapita wapi, inapokelewa na nani, na kila alipofika mwisho wa jambo moja mmoja wetu alimkatiza kwa swali jingine. Dada alituita mara tatu kwamba kahawa ya jana inachachuka kwenye pipa. Mara ya nne hakuita, alikuja na fimbo.